Waya Uliolia Bila Mtu

Vijana wakinisimulia habari za umeme mimi huwaacha waseme wamalize. Shuleni nilikaa kidogo tu, nikajua kuandika jina langu na kusoma Injili kwa kufuata kidole, basi. Lakini waya unaomjua mtu kabla hajaugusa nimeulinda mimi, na nusura unipeleke jela.

Ilikuwa Salaita, miaka michache baada ya vita vya Wajerumani. Mzungu mmoja aliyekuwa fundi wa simu jeshini alipata shamba la katani chini ya kilima cha Salaita. Nchi ile haina maji. Ya kwetu yaliletwa na gari la moshi kutoka Taveta, yakatiwa kwenye tangi la bati, na tangi likajengewa kibanda chenye kufuli. Kila mtu alipimiwa yake asubuhi na jioni. Mlinzi wa kibanda nilikuwa mimi. Nilishuka milimani sina hata blanketi, na kazi ile niliipata kwa sababu bwana aliona sidanganyi. Mtu asiniambie ilikuwa kazi ndogo.

Kisha maji yakaanza kupungua. Bwana alitumbukiza fimbo kwenye tangi asubuhi, akatumbukiza tena alasiri, akanitazama mimi. Baadaye akaja na waya wa shaba uliookotwa kwenye mahandaki ya vita, akauzungusha kibanda chote juu ya vigingi, akaukalisha kwenye shingo za chupa ili usiguse mti. Ncha yake ikaingia nyumbani kwake, ndani ya sanduku lenye taa ndogo za kioo na betri. Juu ya sanduku palikuwa na tarumbeta kama ya gramafoni, imeelekezwa dirishani.

Akaniita. "Tembea mpaka kibandani. Usiguse kitu."

Nikatembea. Tarumbeta ilikuwa kimya, halafu ikaanza kuguna chini chini kama mtu anayeota. Nikasogea, sauti ikapanda. Nikanyoosha mkono, na kabla haujafika kwenye waya ikapiga ukelele kama mwanamke aliyefiwa. Nikarudi nyuma, ikashuka. Sikuwa nimegusa chochote, lakini ngozi ilinisisimka kana kwamba mtu amenipapasa. Bwana naye akaenda, ikamlilia vilevile. Hilo nililiweka moyoni: kwa ule waya, mwili wake na wangu ni mamoja.

Siku za kwanza ulinyamaza. Halafu siku moja adhuhuri, jua limesimama utosini na hakuna hata ndege anayelia, tarumbeta ikaanza. Ikaguna, ikapanda, ikakaa juu, kisha ikashuka polepole. Kama mtu aliyekuja, akanywa, akaenda zake. Bwana akatoka mbio na bunduki. Alinikuta peke yangu, nimesimama mbali kwenye kivuli cha mgunga.

"Umekunywa?"

"Sijatoka hapa, bwana."

"Mashine haisemi uongo."

Kesho yake ikalia tena saa ile ile. Mkata katani mmoja, Mkamba mwenye maneno mengi, akawa kila akinipita ananinusa. "Jamani, huyu ananukia sabuni! Mwenzetu anaoga, Salaita hii!" Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hakuna aliyekubali kupita karibu na kibanda mchana. Wote walijua kwamba askari wengi walikufa chini ya kilima kile, wengine kwa risasi na wengine kwa kiu. Majembe yetu yalikuwa bado yanafukua vifungo vya makoti, na mifupa.

Mpishi wa bwana alikuwa mzee wa kwetu milimani, Mdawida kama mimi. Akaniambia, "Mwanangu, hao si wezi. Wana kiu tu." Asubuhi akajaza maji kinywani, akayapuliza kwenye vigingi, akiwasihi watulie na watuache kwa amani. Kwetu huko ni kutasa: unatoa uchungu ulio moyoni pamoja na maji. Mchana ule waya ulilia mara mbili.

Bwana alipojua, alimfokea mpishi. Alisema unyevu unauchezea waya, na mimi nimepata kisingizio cha kujifichia. Kesho askari wangekuja kunipeleka kortini Voi.

Nilijua maana yake. Mtu akishafungwa kwa wizi hapewi tena hata zizi la mbuzi kulinda. Nikamwambia, "Bwana, kesho adhuhuri tupande kilimani sote, mimi na wewe na mpishi na wakata katani, asibaki mtu chini. Tusikilize."

"Na ukikimbia?"

"Nifunge kamba."

Akanifunga kweli, mikono nyuma. Nilipanda mbele ya wenzangu nimeinua kichwa.

Kabla ya kupanda bwana alivifuta vigingi vyote mwenyewe kwa kitambaa. Tulikaa mteremkoni juu ya nyumba yake. Chini uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, mtupu, na kibanda katikati. Ndipo tukaisikia tarumbeta ikiguna.

"Hesabu watu," akanong'ona Mkamba. "Bwana, tuhesabu."

Bwana alihesabu kwa midomo, akatuonyesha mmoja mmoja kwa kidole. Hakukosekana mtu. Sauti ikapanda, ikakaa juu, ikakaa tu. Akanifungua kamba. "Nenda ukaangalie," akasema. Haikuwa sauti ya kumtuma mwizi.

Nikateremka peke yangu. Sheria ya ule waya niliijua: ukikaribia, hupanda. Nilikaribia, ukashuka. Nikapiga hatua nyingine, ukashuka zaidi, kama mtu anayenipisha. Nilipofika kwenye vigingi palikuwa kimya kabisa. Nikaushika waya kwa mkono mzima, tarumbeta haikutoa hata mguno. Mchanga kuzunguka kibanda ulikuwa laini, hauna unyayo mpya wa mtu wala mnyama, ila wangu na wa bwana alipofuta vigingi.

Askari walipofika, bwana aliwapa chai akawaambia warudi, hakuna kesi. Jioni alisema nibaki, atanifanya mnyapara.

"Ikilia tena utamfunga nani?" nikamuuliza.

Akageuka kukitazama kibanda.

Asubuhi niliondoka kwa miguu kwenda Njukini, ambako maji hupita mferejini na kila mtu huchota. Shamba nililonalo mpaka leo nililianzia huko kwa mikono yangu. Njia yote jua lilikuwa kali na barabara nyeupe haina mtu, na mara kwa mara nilisimama nikajisogeza pembeni, kumpisha aliyekuwa nyuma yangu.