Mizizi ya Kiingereza, Orofa ya Pili

Jumamosi ya pili ya Februari, asubuhi, nilikuwa nikiambua minji jikoni kwangu Gatitu, mpwa wangu aliponikumbusha kwamba nilikuwa nimeahidi kumsindikiza darasani. Mwalimu wake alikuwa ametangaza siku ya wazazi. Niliuliza ni mwalimu gani huyo anayeita wazazi wa watu wazima, lakini nikavaa viatu.

Mpwa wangu ni muuguzi. Alikuwa akikaa kwangu tangu Krismasi, kwa kuwa kwa mamake, kijijini Gakindu, mtandao huja unapojisikia. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kumwajiri, mradi apite mtihani wa kuzungumza Kiingereza, mtihani ambamo mtu huigiza mgonjwa na muuguzi humhudumia kwa maneno. Alikuwa ameshindwa mara ya kwanza. Hospitali ilimwandikia kwa upole kwamba akishindwa tena nafasi hiyo itapewa mtu mwingine. Ndipo akajiandikisha katika darasa la mizizi.

Darasa lilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la simiti na mabati, katikati ya mji wa Nyeri. Bango la mlangoni liliahidi kwamba ajuaye mzizi mmoja amejua maneno mia. Mwalimu alivaa suti ya vipande vitatu, na kwa baridi ya siku ile hilo ndilo jambo la pekee la busara nililoliona kwake. Alitaja mzizi, nao wanafunzi wakaitikia maana yake kwa sauti moja: bene, wema; male, ubaya; chrono, wakati. Watu wenye kazi na ndevu walitikisa vichwa kwa mdundo, kama watoto wa chekechea wanaongoja uji.

Sina ugomvi na mizizi yenyewe. Nilipokuwa chuoni nilifurahi kugundua kwamba maneno yana ukoo, kama mtu anavyofurahi kusikia kwamba jirani zake wawili ni binamu. Lakini kujua ukoo wa mtu si kujua kuishi naye. Na mpwa wangu, ambaye amekuwa akisema cardio tangu mwaka wake wa kwanza wa uuguzi, hakuhitaji kulipa karo ili aambiwe kwamba maana yake ni moyo.

Kilichonichukiza zaidi ni sheria ya darasa. Maneno mafupi ya Kiingereza, yale ya kula, kuogopa na kuumwa, mwalimu aliyaita maneno ya sokoni. Aliyetamka mojawapo alisimamishwa mpaka apate mbadala wake wenye asili ya Kilatini. Afisa mmoja wa polisi kutoka Kiganjo, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya mwenye sauti nzito, aliyekuwa akijiandaa kwa mahojiano ya kupandishwa cheo, alisimama muda mrefu kwa kusema catch, mpaka akalipata apprehend. Mwishowe aliinua mkono.

"Mwalimu, na nikishika mtu nimwambie hivyo, atajua nimemshika?"

Darasa lilicheka. Mwalimu alingoja kicheko kiishe, akarekebisha tai yake.

"Afande, hapa hatusomi ili tueleweke. Tunasoma ili tuheshimiwe."

Walimpigia makofi. Nilimtazama mpwa wangu nikitumaini kwamba angalau yeye anacheka. Alikuwa ameinama, akiyanakili maneno hayo.

Jioni tulifanya mazoezi sebuleni. Mimi nilikuwa mzee aliyelazwa anayekataa chakula. Mpwa wangu aliketi wima, akainua macho darini, akaanza. Kwa Kiingereza chake kipya alinijulisha kwamba kujinyima lishe kwangu kulikuwa na athari hasi na za kudumu kwa ustawi wangu wa kimwili. Kila neno lilikuwa na babu yake Roma, na baina ya neno na neno alinyamaza, akimtafuta huyo babu. Nilifumba macho.

"Mgonjwa wako amekufa," nikamwambia. "Amekufa ukichimba mizizi."

"Tata, wacha mchezo." Tata ndiye shangazi katika Kigikuyu cha nyumbani kwetu, kama guka alivyo babu. "Mwalimu anasema maneno madogo ni ya watu wadogo."

"Na kule wodini mzee akikataa uji, humwambia nini?"

Hakutazama dari. "Namwambia, guka, onja tu kijiko kimoja. Ukichukia, nitamaliza mimi."

Nilimwomba aseme hayo hayo kwa Kiingereza. Akayasema, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne angeyajua, na bila kufikiri akasogea akanishika mkono. Nilifungua mdomo, nikala uji usiokuwepo. Yeye akasema polepole kwamba mara ya kwanza alishindwa kwa kuogopa kuonekana mshamba, na kwamba hata darasani alikuwa amekwenda kununua woga huo huo, ila sasa ulikuwa umevalishwa suti.

Hakurudi orofa ya pili. Mwalimu alimpigia simu, akaomba kuzungumza na mimi pia, akanieleza kwamba wanawake wa rika langu huwaonea wivu vijana wanaopanda. Alitabiri kwamba msichana ataanguka, akaonya kwamba akianguka asithubutu kulitaja darasa lake. Kabla ya chakula cha usiku alikuwa amemwondoa katika kundi lao la WhatsApp.

Mtihani ulifanyika Machi. Mpwa wangu alipita, na habari zikaenea mjini. Siku chache baadaye nilikwenda mjini kununua simiti ya kuzibia ufa wa tangi, nikakuta picha yake kwenye ngazi za kupandia darasani, kubwa kama mlango, mwalimu amesimama kando yake katika suti ile ile, na maandishi yakimwita tunda la mizizi. Wiki iyo hiyo mwalimu alimtumia ujumbe, akiomba ushuhuda mfupi, wenye angalau maneno matatu kutoka katika masomo yake. Mpwa wangu alikuwa akifunga sanduku. Alinipa simu akasema, "Tata, huyu ni wako."

Nilimwandikia barua hii:

"Kwa Mwalimu,

Ushuhuda ulioomba ni huu. Mpwa wangu alipita mtihani kwa kumwambia mgonjwa aonje kijiko kimoja. Hakujifunza hayo kwako. Kwako alikaribia kuyasahau. Ulimfukuza kundini ukidhani ataanguka, na sasa unamtundika ukutani kwa kuwa alisimama. Tafadhali iondoe picha yake kabla ya siku yako nyingine ya wazazi Jumamosi hii, ama nitakuja kuiondoa mimi, mbele yao.

Yule afande alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika chumba kile. Mjibu. Mtu akikamatwa, anastahili kujua kwamba amekamatwa.

Nimetumia maneno ya sokoni kwa makusudi. Heshima yako siihitaji. Nataka unielewe."