Siku Tatu za Muhogo

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale mjini Baraka, kando ya ziwa, nikiwa bado bibi harusi, nilipotaka kuiwahi karne nzima kwa sufuria ya maji ya moto.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Jumapili hiyo, baada ya ibada, mwalimu wa misioni alitueleza dunia itakavyokuwa miaka mia ijayo: watu wa ng'ambo mbili za ziwa watazungumza huku wakionana nyuso, mashine zitalima na kupika, na ugonjwa utajulikana kabla haujamlaza mtu. Wengine walicheka. Mimi niliamini kila neno, na sijuti, maana mengi nimeyaona kwa macho haya. Alisema pia kwamba moto huharakisha karibu kila kitu. Hapo nikajiona mtaalamu.

Kwetu muhogo mchungu huloweshwa kijitoni siku tatu ili sumu itoke, ndipo uanikwe na kutwangwa. Wiki hiyo mume wangu alikuwa Uvira, na mama mkwe alikwenda kulala shambani, akaniachia Sifa, binti yake wa mwisho, wa miaka mitano. Unga ukaisha. Alfajiri nikamenya muhogo, nikaukata vipande vyembamba, nikaumwagia maji ya moto, na adhuhuri ukawa juani. Kesho yake nikatwanga, nikasonga bugali. Ulikuwa mweupe, nikajisifu peke yangu. Sifa alikula kwa hamu. Mimi nilionja tu, kwa kiherehere cha kutaka mama mkwe akute kazi imekwisha.

Jioni mtoto akatapika, kisha miguu ikakataa kumbeba. Mama mkwe alitukuta hivyo, tukambeba mbio mpaka kwa muuguzi. Sijapata kuogopa namna ile tena. Kulipokucha Sifa alifumbua macho, akaomba ndagala, vile visamaki vya ziwani, nami nikalia mbele ya watu wote.

“Ile muhogo ulilowesha siku ngapi?” mama mkwe akaniuliza.

“Muda wa saa sita tu, mama. Mu maji ya moto. Nilitaka iende mbio.”

Hakunitukana. Alimfunika Sifa vizuri, akasema, “Bamashini ya mwalimu yako bakuje, mi nitafurahi, mugongo inaniuma. Lakini mbele ya kukata hizi siku tatu, ungeniuliza zinafanya kazi gani. Mama yangu alijaribisha maji ya moto, mbuzi yetu ikakufa. Moto inafungia sumu ndani.”

Usidhani alichukia mambo mapya. Mashine ya kwanza ya kusaga ilipofika, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akauza kinu chake bila huruma. Kulowesha, hata hivyo, hakuacha. Miaka mingi baadaye bwana shamba alinieleza kwamba ndani ya muhogo wenyewe mna kitu kinachosaidia kuitoa sumu, na moto hukiua. Nilicheka, kisha nikasikitika kwamba mama mkwe hakuwepo kusikia.

Mwanangu, karne iliyo mbele yako italeta mambo ambayo hata mwalimu yule hakuyaota. Yapokee kwa mikono miwili. Ila kabla hujafupisha kazi ya zamani, muulize anayeifanya kwa nini ni ndefu. Na ukishabuni chako, sahani ya kwanza kula wewe, usimpe mtoto wa mwenzako.

Mungu akupe akili ya kuvumbua na unyenyekevu wa kuuliza, na wote watakaokula kwa mkono wako waamke salama.