Mama Niliyetaka Kumwazima

Kuna swali lililoninyima usingizi wiki nzima, mwanangu, na mpaka leo nikilikumbuka uso unapata joto. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kuazima mama kwa saa mbili tu, kisha amrudishe, na pasiwe na aliyeumia?

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuzunguka maofisi mpaka soli za viatu zikaisha, ndipo nikapata kibarua katika duka moja mjini lililoagiza mvinyo kutoka ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wateja ladha ambazo mimi mwenyewe nilizisoma tu kwenye karatasi. Nilikuwa kijana wa kuwaza kupita kiasi. Hata mtu akinisalimu "sasa," nilikwenda njia nzima nikijiuliza kama nilimjibu vizuri.

Siku moja akaja Claire, dada wa Kifaransa, kutufundisha kuhusu mvinyo mweupe wa shamba la kwao. Tulizungumza naye Kiingereza. Hakusema mengi kuhusu ladha. Alisimulia jinsi baba yake anavyopogoa mizabibu wakati wa baridi, jinsi kaka yake anavyohamia karibu na mapipa msimu wa kuchuma, na jinsi mama yake anavyobandika lebo za chupa kwa mkono, pale pale kwenye meza ya jikoni. Alikuwa na furaha ya mtu anayekuonyesha picha za harusi. Kisha akanigeukia.

"Na kwenu, mama yako anafanya kazi gani?"

Mama yangu, mwanangu, alipika busaa, pombe yetu ya nafaka, pale Kianda, katika mtaa wa mabanda wa Kibera. Alivundika unga wa mahindi, akaukaanga juu ya bati, akauchanganya na kimea cha wimbi, na ikishaiva wazee waliotoka kwetu magharibi walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Nguo zangu za shule zilinuka moshi wa bati lile, na karo yangu ilitoka kwenye chungu kile.

"Mama ni mwalimu," nikasema.

Baadaye nilijiambia kwamba nilikuwa namlinda, maana busaa ilikuwa imepigwa marufuku na askari walikuwa wakija kumwaga. Ilikuwa sababu nzuri sana, ila haikuwa yangu. Mimi niliona aibu, basi.

Claire alifurahi. Akasema Jumapili, kabla ya kusafiri, angependa kumpelekea mama yangu chupa yeye mwenyewe. Kwao, alisema, chupa ya zawadi haipelekwi na mtu mwingine. Nikaitikia kwa tabasamu.

Nyumba haikuwa shida. Binamu yangu alikuwa akiishi Ayany, kwenye nyumba ya mawe yenye makochi na vitambaa vyake, naye alikubali kunipa sebule. Aliyekosekana ni mama. Ndipo nikamkumbuka mama mdogo, Nekesa, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Huyo alikuwa mwalimu kweli, akiishi sehemu iitwayo Congo, mtaani Kawangware. Nikajiambia kwamba ukimweka yeye, uongo unapungua nusu. Unaona akili ya msomi?

Jumamosi nikamwendea. Nilimkuta akifua mlangoni. Nikamweleza yote, nikizunguka na kurudi, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akakamua nguo aliyokuwa nayo mpaka tone la mwisho.

"Sasa Barasa, mimi nikikaa kwa hilo kochi nikiitwa mama yako, dada yangu atakuwa wapi?"

"Atakuwa nyumbani, mama mdogo. Hatajua."

"Sijauliza kama atajua. Nimeuliza atakuwa wapi." Akanitazama. "Watu wakimzika mtu, angalau huwa wanalia. Wewe unataka kumzika akiwa hai, tena kwa siri, halafu mimi nivae nguo nzuri nije nikusaidie. Toka hapa."

"Mama mdogo..."

"Toka, nakwambia! Na usipomwambia leo, kesho nitamwambia mimi."

Nilitembea kutoka Kawangware mpaka Kianda, nikitunga sentensi na kuzifuta kichwani. Nilipofika, mama alikuwa ameinama juu ya bati akigeuza unga. Ndani kulikuwa na mzee Wafula, mteja wa miaka mingi.

"Profesa ameingia!" akapiga kelele. "Mpeni nafasi, asije akachafua kitabu!"

Sikuweza hata kucheka. Nikachuchumaa karibu na moto, nikamwambia mama yote. Aliendelea kugeuza unga.

"Ulisema mimi ni mwalimu wa nini?"

"Hakuuliza, mama."

Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika, na mkono wake ukasimama. Unga ukaanza kuungua, naye mama yangu sikuwahi kumwona akiunguza kitu. Sijasahau harufu ile.

"Mimi nimekimbizwa na askari, baba," akasema polepole. "Nimelala seli. Sikuwahi kuona aibu, kwa sababu nilikuwa najua nateseka kwa ajili ya nini. Leo umenionjesha." Akaanza tena kugeuza. "Mgeni haletwi kwangu na uongo. Mwambie kwanza. Akikubali kuja, nitamwekea mrija wake."

Jumapili nilimkuta Claire kwenye lango la Ayany, nilikokuwa nimemwelekeza. Alikuwa na chupa, na kwa mkono wa pili kalamu nzuri iliyofungwa kwa utepe. "Ya mwalimu," akasema.

Mwanangu, hapo ningeweza kunyamaza. Nikamwambia: mama yangu si mwalimu, ni mpishi wa busaa, na nilikuficha kwa sababu nilimwonea haya. Claire akaitia ile kalamu mfukoni.

"Mama yangu angesikia nimemkana hivyo," akasema, "sijui ningerudi vipi nyumbani." Hakusema kwa upole, wala sikustahili upole. "Twende."

Tukashuka Kianda. Wazee walikuwa wameketi, na mzee Wafula akauliza kwa sauti, "Profesa, huyu ni nani tena?"

Nikasimama katikati ya chumba. "Huyu ni mgeni wa mama yangu," nikasema. Kisha nikamgeukia Claire, nikasema kwa Kiingereza, na nikarudia kwa Kiswahili ili kila aliyekuwa mle asikie: "Mama yangu ndiye huyu. Busaa hii ndiyo iliyonisomesha."

Mama hakunitazama. Alimsogezea mgeni kigoda.

Mwanangu, ukienda kwenye meza za watu wakubwa utaulizwa kwenu wanafanya nini. Wataje. Taja mikono yao na kazi yao kabla hofu haijakuandalia jibu, kwa maana aibu ya kuwa mtoto wa mtu fulani hupita, lakini ile ya kumkana bado ninayo na nina mvi. Ukishakosea, usingoje utengeneze maneno mazuri. Nenda ukaseme kwa maneno hayo hayo mabaya uliyo nayo.

Mungu akulinde uendako, na siku utakapoulizwa wewe ni wa nani, akupe kinywa kisichokwama.