Mkojo Niliomsingizia Mkwe Wangu

Aliyekojoa shimoni ni mimi, siyo baba mkwe wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikilizungukazunguka nitashindwa kulisema, na tangu nishike kalamu nimesimama na kukaa mpaka nimechoka mwenyewe.

Jina langu liacheni. Nilikuwa mchimba dhahabu Nyarugusu, vita kuu ya pili ilipokwisha. Nilipofika kambini, kijana bado, nilipata kisonono. Mganga akanipa mizizi, usaha ukakoma, nami nikajiona nimepona. Hospitali sikwenda. Niliona aibu kuvuliwa nguo mbele ya watu.

Nikaoa. Mwaka ambao pamba ilikauka, baba wa mke wangu, mzee Masanja, akaja kutafuta kazi, akawekwa kwenye kundi letu. Kwetu Usukumani mkwe humtazami usoni wala huli naye, sembuse kutaja mbele yake mambo ya ndani ya suruali. Sasa huyu nachimba naye shimo moja!

Wakati huo mkojo wangu ulikuwa umeshaharibika. Nikienda haja najikamua, unatoka kama uzi. Nikirudi kazini unachuruzika wenyewe, nikikohoa, nikinyanyua ndoo. Nikaacha kunywa maji kwenye joto lile. Nikawa nafunga vitambaa ndani ya suruali, nakaa mbali na wenzangu, situlii, nanusa nguo zangu kama mwendawazimu.

Shimo letu lilikuwa kavu. Asubuhi moja nyapara akashuka, akakuta pameloa, pananuka. Na wachimbaji wa pale waliamini mkojo shimoni hufukuza dhahabu, na yetu ilikuwa imepotea siku nyingi. Watu wakachachamaa. Nani?

Wote walijua mzee Masanja hupanda ngazi kila mara kwenda kujisaidia, walikuwa wakimtania. Nyapara akanigeukia.

"Wewe ndiye mkwewe. Ni yeye?"

Nikainamisha kichwa. "Mimi siwezi kumsema mkwe wangu."

Basi. Hayo tu. Wakaelewa walivyotaka kuelewa, nami nilijua wataelewa hivyo. Mzee hakujitetea. Atajiteteaje kwa jambo la mkojo mbele ya mkwewe? Alichukua blanketi lake, akaondoka kwa miguu huku wanamzomea. Kumbe alipanda ile ngazi kila mara ili asiloweshe shimo.

Mke wangu akaniuliza kulikoni. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni mambo ya wanaume.

Haukupita muda mrefu mkojo ukaziba kabisa. Tumbo likavimba, nikapiga kelele, wakanipakia kwenye lori mpaka hospitali. Walipokwisha kuniwekea mpira wa kutolea mkojo, dresa, msaidizi wa daktari, akanieleza bila kunicheka. Kisonono cha zamani kilikuwa kimeacha kovu, njia ikawa nyembamba, kibofu hakimalizi mkojo, kikijaa kinafurika. Akasema wapo wanaoharibiwa na kichocho, wapo walioumia mgongo, na wazee wana tezi inayovimba na kubana njia, ndiyo maana wanatoka kila saa.

"Wazee nao mnawatibu?" nikauliza.

"Wakija mapema, wengi tunawasaidia."

Nilipopata nguvu nikaenda moja kwa moja kwa mzee Masanja. Nilikuwa tayari kuvunja heshima yote, nimtajie ugonjwa wake na wangu, nimwombe radhi, nimpeleke hospitali. Nikakuta matanga yake.

Mke wangu alikuwa amenitangulia. Akaniambia baba yake tangu arudi alikuwa anajizuia, hataki watu wamwone akitokatoka. Mwisho mkojo ukagoma kutoka. Hakumwambia mtu mpaka maumivu yalipomshinda.

Nikamweleza mke wangu, Mama Kulwa, yote, palepale, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba ulimwonea haya, sawa," akasema. "Na mimi? Mimi nilikuwa mkwe wako?"

Hakurudi nami Nyarugusu, na sasa nalala peke yangu, kama kulala ndiko huku.

Wewe unayefunga vitambaa ndani ya suruali na kukaa mbali na wenzako, nakufahamu. Usiache kunywa maji, usitafute wa kumbebesha. Nenda hospitali leo. Na kabla hujatoka nyumbani, mwambie mkeo unakokwenda na unachoumwa. Mimi wa kumwambia nilikuwa naye kitanda kimoja.