Kigari cha Mtoto na Magoti ya Mama

Mume wangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikoharibikia. Nilipokuwa mjamzito, kila jioni alirudi nyumbani kwetu Bongwe na habari mpya za vigari vya watoto wa wageni. Mara kimoja kina kivuli kinachoshuka hadi miguuni mwa mtoto, mara kingine kina mahali pa kuweka kikombe cha kahawa, na yeye kahawa hanywi. Kilichomkosesha raha hasa ni kile ambacho kiti chake hung'oka na kupachikwa ndani ya gari, mtoto akiwa amelala vile vile. "Anahamishwa bila kuamshwa!" aliniambia, akiwa amesimama katikati ya sebule na mikono kama imebeba kiti. Nikamkumbusha kwamba sisi hatuna gari. Akasema kiti kitangulie, gari litafuata.

Nilimwacha aseme. Hakujua kwamba mimi nilikitaka kigari kuliko yeye, ila si kwa ajili ya mtoto. Nilikitaka kwa ajili ya mama yangu.

Mama anakaa Bodo. Kwetu mzazi na mtoto wake mchanga hukaa ndani mpaka arobaini itimie, na siku hiyo nyanya ndiye anayembeba mtoto na kumtoa nje, akamzungusha nyumba ili majirani wamwone. Watoto wote wa ndugu zangu wametolewa na mama. Wangu alikuwa amekwisha kumtengea leso, mpya, bado imekunjwa na karatasi yake, kabla hata sijamwambia daktari amesema nini.

Tatizo lilikuwa magoti. Siku moja nilikwenda kumtazama, nikamkuta anatoka kisimani na ndoo. Goti likamlegea, akaketi chini pu, maji yote yakamwagikia. Nilikimbia, kwa kadiri mwenye tumbo anavyoweza kukimbia, na nilipomfikia alikuwa anang'oa magugu. Amelowa hadi kiunoni, anang'oa kwa bidii, kana kwamba hilo ndilo lililomketisha hapo.

"Magugu ya mwaka huu yamezidi," akaniambia.

Namjua mama yangu. Nikainama, tukang'oa magugu pamoja mpaka alipopata nguvu za kuinuka. Wiki iliyofuata nikampelekea mkongojo mzuri wa mti mgumu, akaushukuru sana, akauombea dua. Nilipokwenda tena nilimkuta anautumia kuangulia ndimu.

Basi nikawa na hofu mbili, na sikujua ipi ni kubwa. Niliogopa mama asije akaanguka na mwanangu mikononi. Na niliogopa kumwambia asimbebe, kwa sababu nilijua neno hilo lingemvunja vibaya kuliko goti lolote. Nikamtuma mume wangu amwambie. Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. Mkwe mzima aende akamwambie mama mkwe habari za magoti yake! Akachukua taulo akaenda kuoga, na alikuwa ameshaoga.

Ndipo kigari kikaniingia akilini. Mama atashika mpini, atasukuma, atapata mahali pa kuegemea, na hakuna jirani atakayesema ameshika mkongojo. Nikaanza kusikiliza habari za hoteli kwa makini, mume wangu akafurahi akidhani nimeongoka. Yeye akitaja kivuli na kikombe, mimi nauliza mpini uko juu kiasi gani.

Jumamosi moja tukaenda Ukunda, kwenye duka la vitu vya mtumba. Mama alikubali kuja kuangalia tu, maana kwake vitu vya mtoto haviingizwi nyumbani kabla mwenyewe hajafika. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, mikono haitulii.

"Karibu mathe! Hii ni orijino, imetoka majuu, iko na breki, iko na shoksi!"

Mama akamtazama. Akaendelea kumtazama, kwa upole kabisa, mpaka bwana yule akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Haya, sasa anza tena."

Mume wangu alikuwa amekwisha kukipata chake, kile cha kiti kinachong'oka. Alibonyeza hapa, akavuta pale, kiti kikagoma. Akainama chini yake, akatokea upande wa pili, kiti bado kimekaa. Hatimaye kiling'oka chenyewe alipokuwa ameshakata tamaa, kikamwangusha kwenye rundo la mito. Muuzaji akampongeza.

Mimi nilimsogeza mama kwenye kigari kingine, kikuukuu, kitambaa kimepauka, lakini kina magurudumu makubwa manne na mpini uliofika pale pale kiwiko chake kinapokunjika. "Hebu kishike uone," nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akaegemea. Magurudumu ya mbele yakainuka juu, na nisingekidaka kigari tungekuwa na msiba.

"Chepesi hiki," akasema. "Kinataka kitu ndani."

Akaagiza tikitimaji kwa mama wa matunda aliyekuwa jirani na duka. Akalilaza, akalifunga mikanda, akalisukuma hadi nje kwenye mchanga wa kando ya barabara, akaenda nalo mpaka kwenye nguzo ya stima na kurudi. Wapita njia walitabasamu. Hakutetereka hata mara moja.

"Hiki hapa," akasema.

Mume wangu alikiangalia kiti chake kinachong'oka jinsi watu wanavyomwangalia ndugu anayepanda ndege. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Nilikuwa nimemnunulia mama mkongojo wa magurudumu manne, na mwenyewe ndiye aliyeuchagua! Kigari tukakiacha dukani kusubiri mwenyewe, na tikitimaji tukalila jioni ile.

Binti yangu akazaliwa Msambweni, salama, na mama akaja kukaa nasi. Alimkanda, alimwogesha, alimwimbia, vyote akiwa ameketi mkekani. Kigari kilisimama nyuma ya mlango na hakumtia mtoto ndani hata siku moja. Nikimwambia, "Mama, kigari kipo," ananijibu, "Nakiona, sijapofuka." Kadiri siku zilivyosogea ndivyo nilivyozidi kukosa amani. Nilimwona anavyoinuka mkekani akiushika ukuta pale alipodhani simwangalii.

Arobaini ikatimia. Uani palijaa majirani, pilau iko motoni, ubani unafuka chumbani. Mama akaniambia nitangulie nikasimame mlangoni, mtoto ataletwa. Nikasimama. Mara nikasikia magurudumu yakikwaruza sakafu, na mama akatokea anasukuma kigari, kimefunikwa kiblanketi cheupe, naye amejitanda leso yake mpya. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku ile ya ndoo. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Amekubali, nikawaza.

Jirani yetu wa nyumba ya pili akawahi mbele ya wote. "Mashallah," akasema, "mashallah, mtoto mzuri huyu!" Kisha akafunua kiblanketi.

Ndani mlikuwa na kinu changu cha kutwangia. Kimefungwa mikanda yote, kimekaa wima, kimetulia.

Ua mzima uliangua kicheko. Nikamgeukia mume wangu, yeye akageukia sufuria ya pilau, na hapo nikajua ni nani aliyekibeba kinu kutoka jikoni. Mama akafungua leso kidogo kifuani. Binti yangu alikuwa humo, amefungwa barabara, shavu limebanwa kwenye titi la nyanya yake, amelala.

"Mama!" Hofu yote ikanitoka mdomoni mbele za watu. "Na magoti je?"

Kicheko kikakatika. Nilitamani ardhi inimeze.

"Magoti yamekwisha, mwanangu," mama akasema, wazi, kila mtu asikie. "Ulidhani kule dukani sikujua unanipimia mkongojo? Kigari ni changu, ndicho kinachonibeba mimi. Huyu ana nyanya yake."

Akaegemea mpini kwa mikono miwili na uzito wake wote, na magurudumu hayakuinuka. Akashuka uani. Nilimfuata nyuma nimenyoosha mikono tayari kumdaka, mume wangu nyuma yangu amenyoosha ya kwake. Mama hakugeuka. Aliizunguka nyumba yote hivyo, taratibu, kwenye mchanga na kwenye mawe, kinu kinagongagonga mbele yake, na mtoto hakuamka.