Fusae Anamsaka Yasu kwenye Majarida ya Vita

Fusae hatulii, jamani! Anauza tofu, ile jibini ya soya, lakini kila Ijumaa duka anamwachia mumewe, anakimbilia Tokyo kupanga foleni kwenye soko la vitabu vya mitumba. Anasaka majarida ya propaganda ya wakati wa vita, yale makubwa, yana ndege na wasichana wa viwandani wanachekelea. Wasakaji wenzake wanapenda ndege. Yeye anatafuta sura moja tu: Yasu, dada wa mama yake, aliyepigwa picha kwenye kiwanda cha parachuti kabla bomu halijamuua. Nyumba nayo iliungua na picha zote, na sasa mama anazeeka, sura ya dadake inamtoka kichwani.

Ijumaa hii mlango wa soko ukafunguliwa, watu puu! Humo sheria moja: ukishakumbatia jarida ni lako, utachagua baadaye, na mtu hakuulizi. Fusae si akapitwa! Toleo lenyewe, la kiwanda cha parachuti, liko kwapani kwa Mzee Kuroiwa, msakaji mwenzake.

Akazunguka meza. Akarudi. Akazunguka tena. Mzee anapekua taratibu kama anachambua mchele.

"We mama, umekalia siafu?"

"Mzee wangu, najua hapa hatuulizani. Lakini hilo la kiwanda... unaliacha?"

"Thubutu! Nimelisaka tangu nina nywele."

"Basi niazime nikamwonyeshe mama. Dadake yumo."

"Halilali nje ya kwangu hili!" Akautazama mguu wa Fusae unavyogonga sakafu. "Mama anakaa wapi?"

"Kawagoe, kwangu."

"Haya, twende. Ila nalishika mimi!"

Kwenye treni mzee kalipakata kama kichanga. Fusae kila stesheni anasimama, kumbe bado.

Mama akafunuliwa ukurasa. Msichana yuko kwenye cherehani, meno yote nje. Mama akatazama weee.

"Huyu simjui."

Fusae akamsogelea. "Mama, tazama vizuri."

"Nimetazama! Yasu alikuwa mtu wa kununa. Na njaa ile, acheke nini?"

"Wote humu waliambiwa wacheke, dada," Kuroiwa akasema polepole.

 Mama akaweka kidole juu ya ule mdomo, yakabaki macho peke yake.

"Ee! Kumbe ni wewe," akamwambia Yasu wa pichani. "Bado umeninunia?"

Kidole hakukiondoa. Giza likaingia, na Mzee Kuroiwa kakaa palepale, jarida lake hathubutu kulidai.