Disketi ya Nne ya Mwalimu Ottilia

Mwalimu Ottilia Ndunguru alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya parokia, karibu na Maguu, milimani Umatengo. Tangu arudi kutoka kozi ya kompyuta Dar es Salaam, mwaka 1997, ratiba ya vipindi ilipangwa kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Kompyuta ya shule ilipounguzwa na radi, wafadhili wakaleta mpya.

"Si uiwashe tu, Mwalimu?" aliuliza mkuu wa shule, Padre Pankras.

"Nimewasha, Padre, lakini ni tupu. Programu yangu ninayo kwenye disketi, ila bila kompaila mashine haiielewi."

Kompaila, ile ya kugeuza maandishi yake yawe amri za mashine, ilikuwa kwenye disketi nne. Tatu ziliingia vizuri. Ya nne ilikwaruza, ikakwama. Kuichomoa, akakuta imeota ukungu. Ilikuwa Alhamisi, na shule ingefunguliwa Jumatatu.

Mtu mmoja tu alikuwa na disketi kama zile: Herieth, aliyesoma naye kozi, sasa karani wa hospitali huko Liuli, kando ya ziwa. Alfajiri Ottilia akapanda lori la mahindi lililokuwa likiteremka ziwani. Alifika alasiri, vumbi hadi kwenye kope.

"Dada, umetoka Umatengo kote huko kufuata disketi moja?" Herieth alicheka. Akamnawisha mikono, akamlisha kwanza ugali kwa mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, ndipo akamnakilia zote nne, tena mara mbili.

Jumamosi jioni, akiwa amerudi shuleni, kompaila ikaingia yote. Ottilia akaandika amri ya kuiita. Mashine ikajibu kwamba haiijui. Akarudia. Jibu lilelile. Akachukua ndoo, akaenda zake bombani, na maji yakiwa yanajaa ndipo alipokumbuka: hakuwa ameiambia mashine kompaila imewekwa wapi. Alirudi mbio, akafungua faili linalosomwa kompyuta inapowaka, akaongeza mstari mmoja, akazima, akawasha. Safari hii programu ikakubali.

Jumatatu ratiba ilikuwa ukutani. Mwalimu Joakim wa Kiswahili aliisoma, akakunja uso.

"Kompyuta yako imenipa kidato cha pili Ijumaa mchana!"

"Nimekupa mimi, Mwalimu. Kamwombe mwenzako wa jiografia mbadilishane, kisha mniambie."

Akachukua chaki zake, akaingia darasani.